Great Expectations kwenye imeili za oda: kwa duka la spea Kariakoo naipa nyota nne

Naanza na jibu kabisa ili mwenye haraka asisumbuke. Kama biashara yako inapokea oda au invoisi kwa imeili, na kila mwisho wa mwezi namba za inboksi na namba za mfumo wa mauzo zinagombana, chukua Great Expectations, tuli ya kompyuta ya kukagua data, ni ya bure na kazi yake inaifanya vizuri mno. Ila ujue mapema kwamba yenyewe haijui imeili ni nini. Hamna mahali pa kujaza jina la seva na paswedi halafu ikuletee barua zako zote zimepangwa. Hii ni mizani, na mizani haiendi shamba kufuata mahindi, unayaleta mwenyewe. Hiyo safari ya kutoka kwenye seva ya imeili mpaka kwenye mizani ndo yenye kazi, na ndo nitakayoiongelea zaidi hapa kwa sababu nimeona watu wengi wanaisifia tuli yenyewe halafu wanaruka hapo.

Mazingira yetu kwa kifupi. Duka la spea za magari, jumla na rejareja, upande wa Gerezani. Mteja wa kawaida anakuja mwenyewe au anatuma picha ya kifaa WhatsApp, huyo hana shida. Wateja wakubwa sasa, kampuni za malori, wakandarasi, gereji za Mbeya na Mwanza zinazochukua mzigo kwa mkopo, hao wanatuma LPO, yaani oda rasmi ya manunuzi ya kampuni, kwa imeili na PDF yake, kijana wa mauzo anafungua anaingiza kwenye mfumo, stoo wanafunga boksi linaenda stendi ya Magufuli Mbezi kupanda basi. Sasa katikati ya "anafungua" na "anaingiza" ndo panapopotea vitu. LPO nyingine inaingizwa mara mbili kwa sababu mteja kaituma tena akidhani haijafika, nyingine haiingizwi kabisa, nyingine inaingia na sifuri moja pungufu. Na dada wa uhasibu anatakiwa apeleke ritani ya VAT tarehe 20 ya mwezi unaofuata, yeye hawezi kusubiri watu watafutane.

Great Expectations, nitaiita GX kuanzia hapa, ni maktaba ya Python (lugha ya kuandikia programu), imetolewa kwa leseni ya Apache 2.0 kwa hiyo hulipii hata senti kuitumia kwenye mashine yako. Wapo pia na huduma ya kulipia ya mtandaoni lakini sisi hatujaihitaji. Wazo lake ni rahisi: unaandika matarajio yako kuhusu data kwa lugha ya wazi, kwamba hii kolamu isiwe na nafasi tupu, hii namba isijirudie, hii tarehe iwe ndani ya mwezi huu, halafu unaipa jedwali, inapitia mstari kwa mstari inakwambia wapi pamefeli na ni ngapi. Inasoma pandas (maktaba ya Python ya majedwali), inasoma Spark (ya data kubwa), inasoma database za SQL kama PostgreSQL na SQLite. Umeona imeili hapo? Hamna.

Kwa hiyo daraja. Imeili inakaa kwenye seva na njia ya kistaarabu ya kuisoma bila kuihamisha ni IMAP, mlango 993 ukiwa na ulinzi wa TLS unaoficha mawasiliano njiani. Usitumie POP3, ile njia nyingine ya zamani ya kuchukua barua, kwa kazi hii, POP3 inaona inboksi tu, haina habari na folda nyingine, na programu nyingi za POP3 zikishachukua barua zinaifuta kule kwenye seva, ukija asubuhi mauzo wanakuuliza oda zao ziko wapi. Python tayari ina maktaba ya IMAP ndani yake inaitwa imaplib, hudownlodi kitu.

Sasa jambo la kwanza kabisa, na naomba ulishike hata kama mengine utayasahau: fungua folda kwa kusoma tu. Kwenye imaplib ni readonly=True pale unapochagua folda, kwa lugha ya IMAP yenyewe hiyo ni amri ya EXAMINE badala ya SELECT. Na unapovuta barua tumia BODY.PEEK. Sababu ni hii, ukivuta barua kwa njia ya kawaida seva inaiwekea alama kwamba imeshasomwa. Kijana wa mauzo yeye anaangalia zile zilizokolea tu, zisizosomwa, ndo anajua hizi bado. Skripti yako ikipita usiku ikasoma zote bila PEEK, asubuhi inboksi nzima imepauka kama vile kuna mtu kashazishughulikia, na gereji ya Mwanza inasubiri mzigo ambao hakuna anayejua kama umeombwa. Yaani chombo ulichokileta kupunguza oda zinazopotea kinazipoteza chenyewe. Hili kwangu ni muhimu kuliko tesiti yoyote utakayoandika baadaye.

La pili ni namba za barua. Kila barua kwenye folda ina UID, na folda yenyewe ina UIDVALIDITY. Hifadhi zote mbili. UID ya mwisho uliyoisoma ndo inakuwezesha kesho uanzie hapo hapo badala ya kuvuta upya tangu mwanzo wa mwaka. UIDVALIDITY ikibadilika maana yake seva imepanga namba upya, zile UID ulizohifadhi hazina maana tena, anza upya. Kwa intaneti zetu hii sio anasa jamani. Mnakumbuka Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipokatika, mtandao wa nchi nzima ukawa unaenda kwa kuvizia. Skripti inayojua ilipoishia inakatika na kurudi bila shida, ile inayovuta kila kitu upya kila siku inakula bando na haimalizi.

Ukiwa Gmail kuna mengine mawili. Gmail haina folda hasa, ina lebo, kwa hiyo barua moja yenye lebo ya "Oda" na lebo ya "Mbeya" kupitia IMAP utaiona kwenye folda zote mbili na pia kule kwenye All Mail. Ukivuta folda zote ukajumlisha, oda moja inakuwa tatu na ripoti inakuwa nyekundu tupu bila kosa la mtu yeyote. Dawa ni kuvuta All Mail peke yake, au uombe X-GM-MSGID ambayo ni namba ya barua yenyewe popote ilipo, na uihifadhi kama maandishi sio kama namba, ni ndefu mno, pandas ikiigeuza kuwa desimali tarakimu za mwisho zinabadilika kimyakimya. Pia Google wameweka kikomo cha kushusha kwa IMAP, MB 2,500 kwa siku kwa akaunti. Kwa LPO zenye PDF zilizopigwa skani kwa simu, kila moja mega kadhaa, hicho kikomo ukivuta historia ya mwaka mzima unakifikia. Vuta vichwa na maandishi kwanza, viambatisho baadaye kwa zile zinazohitajika tu.

Paswedi nayo. Gmail haikubali paswedi yako ya kawaida kwenye skripti, unawasha uthibitisho wa hatua mbili halafu unatengeneza paswedi ya programu ya herufi 16, au unatumia OAuth, yaani kuingia kwa kibali maalum bila kuipa skripti paswedi. Microsoft wao walianza kuzima njia ya jina na paswedi kwenye Exchange Online, imeili yao ya maofisi, Oktoba 2022, kwa hiyo kama ofisi yenu iko Microsoft 365 ni OAuth tu, mtu mwenye mamlaka ya admini lazima akusajilie programu yako. Usianze kuandika chochote kabla hujaongea na huyo mtu, maana bila yeye huendi popote.

Sisi hatuko kwa yeyote kati ya hao. Imeili ziko kwa kampuni ya kuhosti hapa mjini, jina naliacha, na hapo kero ni cheti cha TLS. Wametupa anwani inayoanza na mail halafu jina letu, lakini cheti kilichopo kwenye seva kina jina la seva yao, Python inakataa kuunganisha, na inakataa kwa haki kabisa. Ukiuliza pale wanakwambia zima ukaguzi wa cheti. Usizime. Humo ndani kuna bei, kuna TIN za watu, kuna namba za akaunti za benki. Waombe jina halisi la seva lililo kwenye cheti uunganishe kwa hilo jina, inakubali hapo hapo. Jingine la kuuliza ni kikomo cha miunganiko. Seva nyingi za hivi zinaendeshwa na Dovecot, programu ya seva ya imeili, na kwa mpangilio wake wa kawaida inaruhusu miunganiko 10 kwa mtu mmoja kutoka anwani moja ya intaneti. Ofisi nzima mkiwa nyuma ya ruta moja, simu tatu na kompyuta nne zote zimefungua ile ile anwani ya oda@, skripti yako ikija na mikono mingi kwa pamoja mwenzako ndo anafungiwa nje. Tumia muunganiko mmoja, funga ukimaliza.

Haya, barua imefika, sasa igeuze kuwa mstari wa jedwali. Hapa kuna uchafu wa aina yake. Kichwa cha habari ambacho wewe kwenye simu unakiona "Oda mpya – Mbeya", kwenye seva kimelala hivi: =?UTF-8?Q?Oda_mpya_=E2=80=93_Mbeya?= kwa sababu tu ya kile kimstari kirefu. Python inakifungua vizuri lakini lazima uiambie, usipoiambia tesiti yako inayotafuta neno Oda mwanzoni mwa kichwa itakataa barua nzuri kabisa.

Tarehe ndo zina mtego mkubwa. Barua ina tarehe mbili, ile iliyoandikwa na mashine ya mtumaji kwenye kichwa cha Date, na ile ya seva yenyewe kupokea, INTERNALDATE. Ya mtumaji usiiamini sana, kompyuta ya gereji ikipoteza saa inaandika chochote. Tumia ya seva, halafu igeuze kwa saa zetu, Python ina jina kabisa la Africa/Dar_es_Salaam, yaani UTC (saa za kimataifa) ongeza tatu. Kwa nini naisisitiza: oda iliyoingia tarehe 1 Julai saa saba na nusu usiku, kwa UTC bado ni tarehe 30 Juni saa nne na nusu usiku. Madereva wa malori na wasimamizi wao wanatuma usiku, hilo linatokea kweli. Oda moja hiyo inahama mwezi, na kwa wale wanaofunga hesabu Juni inahama na mwaka. Na ukitafuta barua kwa amri ya SINCE ya IMAP, hiyo inaangalia tarehe tu haijali saa wala ukanda, kwa hiyo anza siku moja nyuma halafu uchuje mwenyewe ukishageuza saa.

Hela sasa. Aisee. Hapa ndo nimeipenda GX, kwa sababu hapa ndo macho ya mtu yanachoka. Watu wetu wanaandika kiasi kila namna: 1,250,000/= na TZS 1250000 na Tsh. 1,250,000/- na 1.25m na wengine kwa maneno kabisa, milioni moja na laki mbili na nusu. Kwa binadamu zote hizo ni hela ile ile. Kwa kompyuta ni maandishi matano tofauti. Sisi tunasafisha zile zinazosafishika, alama ya /= inaondolewa, koma zinaondolewa, TZS na Tsh zinaondolewa, kinachobaki kama ni tarakimu tupu kinakuwa namba, kama sio tunakiacha wazi. Halafu GX inaulizwa: kolamu ya kiasi isiwe tupu. Hizo za maneno zinajitokeza zenyewe kwenye ripoti na mtu anazisoma kwa macho. Msijaribu kuandika skripti ya kuelewa "laki mbili na nusu na chenji kidogo", muda huo upeleke kwingine.

Namba za simu pia zichungeni. 0754 na kuendelea ikisomwa kama namba ile sifuri ya mbele inaanguka, unabaki na tarakimu tisa. Soma kama maandishi, halafu weka tesiti ya umbo: ianze na 0 au +255, ifuate 6 au 7, kisha tarakimu nane. TIN tarakimu tisa, vistari viondolewe kwanza. GX ina tesiti tayari ya kulinganisha na regex, yaani maelezo ya umbo la maandishi, hizo ni mstari mmoja mmoja tu.

Kwenye kujirudia kuna somo watu wengi hawalijui. Kila barua ina Message-ID yake, yaani namba ya utambulisho inayopewa ikitumwa, na ukiweka tesiti kwamba isijirudie unajisikia umemaliza. Bado. Mteja akituma LPO ile ile mara ya pili, hiyo ni barua mpya yenye Message-ID mpya, tesiti inapita kijani na wewe unapeleka magurudumu mara mbili. Message-ID inakamata kosa la skripti yako kuvuta barua mara mbili. Kosa la mteja kutuma mara mbili linakamatwa na namba ya LPO ikiunganishwa na TIN, zote mbili kwa pamoja zisijirudie, na GX inayo tesiti ya kolamu zaidi ya moja kwa pamoja. Weka zote, kila moja ina kazi yake.

Kuna kitu kinaitwa mostly, hiki ndo kimefanya tukaendelea kuitumia. Unaweza kusema namba ya simu iwe na umbo sahihi kwa asilimia 95 ya mistari, mostly=0.95, zilizobaki isipige kelele. Kwa data ya imeili hiyo ni lazima, kwa sababu ni data inayoandikwa na watu kwa mikono, kuna atakayesaini na namba ya Kenya, kuna atakayeacha. Ila kwenye kiasi na namba ya LPO usiweke mostly, hizo ni zote au hamna.

Kulinganisha inboksi na mfumo wa mauzo, ambalo ndo lilikuwa lengo lenyewe, tunafanya hivi: majedwali mawili, moja la imeili moja la mfumo, yanaunganishwa na pandas kwa namba ya LPO na TIN, kwa namna ya outer, yaani kubakiza mistari yote ya pande zote, na unaweka indicator=True. Pandas inaongeza kolamu inayosema mstari huu upo pande zote mbili, au kushoto tu, au kulia tu. Unaipeleka GX unaiambia kolamu hii thamani zake zote ziwe both. Basi. Iliyopo kushoto tu ni oda iliyofika kwenye imeili haikuingizwa, iliyopo kulia tu ni oda iliyoingizwa ambayo imeili yake haionekani, hiyo nayo inahitaji maelezo.

Baada ya hapo GX inatengeneza kurasa za HTML inaziita Data Docs, kila tesiti na rangi yake, kijani imepita nyekundu imefeli, na mifano ya thamani zilizofeli chini yake. Hizi kurasa ndo zimebadilisha mazungumzo ofisini. Zamani mimi nikimpelekea dada wa uhasibu faili la Excel lenye rangi zangu mwenyewe ilikuwa ni kubishana nani kakosea. Sasa anafungua ukurasa kwenye kompyuta yake, anashuka chini, ananiita:

"Kaka, hii nyekundu ya LPO ni ya nani?"

"Ile gereji ya Mbeya dada, imeingia mara mbili, ya tarehe 11 na ya tarehe 13."

"Basi ya pili naitoa kwenye ritani mpaka mauzo waniambie kama mzigo ulitoka kweli. Hii ya kiasi tupu?"

"Wameandika kwa maneno. Fungua PDF yenyewe ipo."

Na mzee mwenye duka, ambaye hataki kusikia habari za Python, huo ukurasa anauelewa. Anauliza nyekundu ngapi wiki hii, anaambiwa, anaenda kwa mauzo mwenyewe.

Lakini hapo hapo kuna hatari. Zile thamani zilizofeli zinazoonyeshwa kwenye ukurasa, kwa mpangilio wa kawaida mpaka 20 kwa kila tesiti, ni data ya watu halisi: simu, TIN, anwani za imeili. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Barua za wateja kwenye oda@ walizituma wanunue spea, hawakuzituma zizunguke kwenye HTML kwenye flashi za watu. Kwenye GX unapanga result_format, ukiweka BOOLEAN_ONLY ukurasa unasema tu imepita au imefeli bila kuonyesha thamani. Sisi kolamu za simu na imeili tumeziwekea hivyo, za LPO na kiasi tumeacha mifano ionekane kwa sababu mhasibu anazihitaji. Na ukurasa unakaa kwenye mashine ya ofisi, hauwekwi mtandaoni. Hata hivyo vuta tu folda ya oda, usivute inboksi ya mtu binafsi kwa sababu tu paswedi unayo.

Nyota moja nimeibakiza kwa sababu zifuatazo. Toleo la 1.0 lilitoka 2024 na lilibadilisha namna ya kuandika karibu kila kitu, kwa hiyo video na makala nyingi utakazozikuta ni za matoleo ya 0.x na ukizikopi hazifanyi kazi, soma nyaraka za toleo lako tu. Nyaraka zenyewe ni Kiingereza. Majina ni mengi kwa kazi ndogo, kuna data source, ndani yake asset, ndani yake batch definition, halafu suite, halafu validation definition, halafu checkpoint, yote hayo kabla hujauliza swali moja kuhusu kolamu moja. Ukishayapanga mara moja hayakusumbui tena, ila kijana anayeanza Python atachoka mapema asipokuwa na wa kumshika mkono. Na usakinishaji unavuta maktaba nyingi nyuma yake, fanya ukiwa kwenye waifai, sio bando la simu.

Mbadala zipo. Kuna kampuni ya CData wanauza dereva ya JDBC (kiunganishi cha programu na database) ya imeili, inaigeuza akaunti ya IMAP ionekane kama majedwali ya SQL, kwa hiyo tuli yoyote ya kutesti inayokubali JDBC, kama QuerySurge, inaweza kuisoma moja kwa moja na ile safari yote niliyoieleza huku juu inafupika sana. Ni za kulipia, zinafaa benki, kampuni za simu, watu wenye timu ya data na bajeti kwa dola. Kwa duka la Gerezani hesabu hiyo haikai. Na upande mwingine kuna wanaosema andika tu if na else zako mwenyewe kwenye skripti achana na GX. Inawezekana kabisa, kama tesiti ni tatu. Zikizidi hapo unajikuta unaandika ripoti, unaandika rangi, unaandika asilimia, vitu ambavyo GX inavyo tayari na vimejaribiwa na wengi.

Anayetaka kuanza wiki hii, aanze na hawa watu kabla ya kompyuta: anayesimamia seva ya imeili, umuulize jina halisi la seva, mlango, njia ya kuingia na kikomo cha miunganiko, na kama wanaweza kukupa akaunti ya pembeni yenye ruhusa ya kusoma folda moja tu. Halafu mhasibu, umuulize ni kosa gani linamchelewesha zaidi tarehe 20 ikikaribia. Tesiti ya kwanza iwe ya hilo kosa. Sisi ilikuwa LPO zinazojirudia, nyie inaweza kuwa kingine kabisa.